Miezi ya Kitabuni na Miezi ya Mlimani

Chungu cha okidi kilichoning'inia upenuni mwa nyumba moja ya Shighatini, katika milima ya Upare wa Kaskazini, kiliachwa na mwenyewe pasi na wasia. Mwenyewe alikinunua Nairobi mwaka 1998, pamoja na kitabu cha Kiingereza cha ulezi wa maua hayo, akakilea peke yake hadi alipofariki mwaka 2009. Kila mwaka, baridi ilipokaribia kuondoka, mmea ule ulijifunika maua meupe yenye ncha za zambarau. Mkewe, mwalimu mstaafu, alikuwa akiyatazama tu. Hakuwahi kuuliza, wala marehemu hakuwahi kueleza; nyumba nyingi zina elimu ya namna hii, ikaayo katika mkono wa mtu mmoja na kuzikwa nao.

Mwalimu akakifungua kitabu, akakifuata herufi kwa herufi kama alivyowataka wanafunzi wake wafuate. Kitabu kilisema maji yapunguzwe kuanzia Novemba, yarejeshwe Machi. Akayapunguza Novemba, akayarejesha Machi. Miaka mitatu ikapita bila ua hata moja. Mmea haukufa; ulizaa vitoto. Kwenye vifundo vya mashina yake, pale ambapo yangechanua maua, vilichipuka vijimea vyenye majani na mizizi yao wenyewe. Mwanawe akashauri yale mashina makongwe, yaliyokwisha kupukutisha majani, yakatwe yatupwe, kwani kwa macho yake yalikuwa kuni. Mwalimu akakataa. Hakuwa na hoja. Kilichokuwa kikining'inia pale kilikuwa ndicho kitu cha mwisho chenye uhai alichokiacha mumewe.

Hapana budi msomaji aelezwe mmea huu ni wa namna gani. Unaitwa dendrobiamu, jina lililotungwa na Mswidi Olof Swartz mwaka 1799 kwa maneno mawili ya Kigiriki, mti na uhai. Una jamaa zaidi ya 1,000, waliotapakaa toka India hadi Australia na visiwa vya Pasifiki, wala hakuna hata mmoja aliye mzaliwa wa Afrika. Hukaa juu ya miti bila kuinyonya. Mizizi yake imevikwa ngozi nyeupe inayofyonza maji upesi na kugeuka kijani, kisha hutaka hewa. Ndiyo maana udongo huuozesha. Hupandwa katika vipande vya magome na makaa. Mashina yake ni marefu, yenye vifundo mithili ya miwa myembamba, na humo ndimo huweka akiba yake.

Aina ya Shighatini asili yake ni vilima vilivyo chini ya Himalaya. Huko kusi, upepo ule ule uliokuwa ukiyapeleka majahazi yetu Bara Hindi, huleta mvua kubwa, na mmea hunywa na kurefuka. Kisha mvua hukatika, baridi huingia, majani hupukutika, na katika ukavu huo shina lililo uchi hutunga maua. Ukinyweshwa wakati huo, vifundo vilivyokusudia kutoa maua hutoa vitoto.

Kitabu hakikusema uongo. Kiliandikwa kwa watu ambao kwao Novemba ni mlango wa baridi. Shighatini, Novemba ni vuli, majira ambayo mmea unachipua na una kiu. Baridi ya milimani huja Juni, Julai na Agosti. Mwalimu alikuwa akiunyima maji ulipokuwa ukikua, na kuunywesha ulipotaka kulala. Neno Novemba linafasirika kirahisi mno, na pengine ndiyo sababu hakuna anayejisumbua kulifasiri.

Mwaka 2012 akakipindua kitabu: palipoandikwa Novemba akasoma Mei, palipoandikwa Machi akasoma Septemba. Kupindua huko hakukutosha, kwani Upare una mvua mara mbili. Januari na Februari mbingu hufunga, na mtu hudhani mmea nao upumzike, ilhali ungali unakua. Hapo alimwagilia kila asubuhi ya pili, maji yakapita hadi yakachuruzika chini, majani yakauke kabla ya usiku. Julai nayo huleta ukungu na manyunyu, na mtu hudhani mbingu imeruhusu. Hapo alikiingiza chungu ndani ya upenu, pasipofika tone ila mwanga mwingi. Mbolea hafifu aliikoma masika yalipoanza kupungua.

Kwa Wapare hili lisingekuwa geni. Ndiva zao, yale mabwawa madogo ya milimani, hukusanya usiku maji ya vijito, na asubuhi hufunguliwa yashuke kwa mifereji hadi mashambani kwa zamu. Kufunga ni sehemu ya kumwagilia. Hata hivyo kumwona mmea unanyauka na kuuzuilia kata ya maji ni kazi ngumu. Mashina yaliingia mikunjo. Mwalimu alinyunyiza kidogo mara moja kwa wiki mbili, yasikauke kabisa, akangoja.

Mwishoni mwa Agosti 2013 vifundo vilivimba. Hakumwagilia bado, alingoja hadi kila kivimbe kionekane dhahiri kuwa ni tumba, kwani maji ya haraka hapo yangeyageuza vitoto tena. Septemba ile ile miwa ambayo mwanawe aliiita kuni ndiyo iliyochanua.

Vile vitoto vya miaka mitatu, mizizi yao ilipofikia urefu wa kidole, alivitenga na kuvipanda kimoja kimoja. Kimoja kilisafiri hadi Unguja kwa wifi yake. Baada ya miaka miwili simu ikaja.

"Wifi, chako kimenenepa, lakini kuchanua kimekataa."

"Hakijakataa. Hakijaona baridi."

Madukani pwani huuzwa dendrobiamu nyingine, yenye maua kwenye vikonyo virefu, ambayo hupenda joto, hunywa karibu mwaka mzima, na ikipelekwa mlimani Julai hudhoofika. Jina ni moja, na muuzaji aghalabu haelezi. Wifi amenunua moja ya hizo, inachanua barazani. Ile ya Shighatini ameifunga kwenye mwembe nyuma ya nyumba, ina majani tele, na kila mwaka huzaa vitoto.