Gari la Japani Katika Njia ya Geita

Nilitoka Shinyanga kwenda Geita kumzuru binti yangu. Tulikwisha kuvuka daraja la Kigongo na Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, gari likavunjika springi karibu na mji. Fundi alilala chini yake tangu adhuhuri hata alasiri, na ujira tuliopatana haukufika nusu ya bei ya spea.

Huko Japani, lilikotoka, kazi ya mikono ndiyo ghali. Tena gari likitimiza miaka 3 hukaguliwa, kisha kila miaka 2, kwa gharama kubwa, hata wenyewe huona afadhali kuliuza. Kenya haipokei lililozidi miaka 8. Tanzania hulipokea kwa kuliongezea ushuru. Basi uzee wake huwaangukia mafundi wetu.

“Maalim,” akasema, “chumba nalipia bei ya wachimba dhahabu, kazi nalipwa bei ya Shinyanga.”

Nikamwongezea shilingi. Akazirudisha, akasema tulikwisha patana.