Sanduku la Japani Lafika Mzinga

Akina mama wenzangu, safari ninayotaka kuwasimulia ni fupi. Inaanzia kwenye dirisha la vifurushi la posta mjini Morogoro na kuishia barazani kwa mama yangu, huko Mzinga. Nimeifanya mara sita, kila mara nikiwa na sanduku la karatasi ngumu mapajani, na kila mara abiria wa jirani aliniuliza nimebeba nini. Nilipojibu kuwa ni vitafunio kutoka Japani, walicheka wakidhani natania.

Mtoto wa marehemu dada yangu anasoma huko. Alihitimu hapa hapa Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kisha akapata nafasi katika ule mpango wa serikali ya Japani wa kuwasomesha vijana wa Afrika uliotangazwa mwaka 2013. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, kwa hiyo dada alipofariki hapakuwa na kikao cha kuulizana mtoto aende wapi. Alibaki kwa bibi yake, na mimi, mama yake mdogo, nikawa wa kulipa ada na kukagua madaftari. Huu ni mwaka wa tatu hajaonekana Mzinga.

Kila alipopiga simu, bibi yake alikuwa na swali moja tu: "Unakula nini huko?" Mtoto anataja majina, bibi anaitikia, lakini hakuna alichoambulia. Siku moja mtoto akaamua kujibu kwa njia nyingine. Japani kuna makampuni yanayokusanya vitafunio vya kila namna, na ukilipa ada yao wanakutumia sanduku moja kila mwezi mpaka nchi za mbali. Mteja hachagui kitakachotiwa ndani. Alitulipia miezi sita kutoka katika posho yake ya masomo. "Mama mdogo," aliniandikia, "fungua mbele ya Bibi, aonje. Na unitumie picha."

Kwa wasiofika huku, Mzinga ni kata ya Manispaa ya Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Asubuhi ukungu ukiondoka unaona mashamba yamepanda mlima mpaka unajiuliza mtu analimaje pale bila kuteleza. Watu wa mbali wanalijua jina la Mzinga kwa sababu ya shirika la jeshi. Sisi wenyeji tunaujua mto: Mto Mzinga unashuka kutoka milimani na kuingia bwawa la Mindu, ambalo ndilo linalounywesha mji. Wala Wajapani si wageni kabisa katika milima hii. Mwaka 1999 shirika la JICA lilianza kukisaidia kituo cha maendeleo ya vijijini pale Chuo Kikuu cha Sokoine, na wataalamu wao walipanda Uluguru kujifunza jinsi wakulima wanavyoishi. Lakini chakula chao hatukuwa tumekionja.

Sanduku la kwanza tulilifungua Jumapili baada ya ibada. Walikuwapo wajukuu, jirani wawili na akina mama wa jumuiya yetu waliokuja kumsalimu mgonjwa, maana mama yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Bibi, alikuwa amepata kiharusi kidogo miaka miwili kabla. Kilichotushangaza kwanza si chakula, ni nguo zake. Ndani ya sanduku mna pakiti, ndani ya pakiti mna vipakiti, na kila biskuti imevikwa peke yake. "Hawa wanavalisha hata biskuti," alisema Bibi, "na watoto wa hapa wanatembea vifua wazi."

Nilisoma kijitabu cha Kiingereza kilichomo nikawafasiria. Cha kwanza kuonjwa kiliitwa senbei, kitu cha duara, kikavu, cha rangi ya kahawia. Bibi alikinusa, akakivunja kipande kidogo, akakiacha kilainike ulimini kwanza. "Mbona huu ni ukoko?" Kila mtu akacheka, lakini alikuwa amepatia. Ni mchele uliopondwa, ukaokwa mpaka ukakauka, ukapakwa mchuzi wa soya. Jirani mmoja akasema basi huu ni ukoko uliokwenda shule. Kipande kingine kilikuwa kimefungwa kwa mwani mweusi, mwembamba kama karatasi. Dada zetu wa Paje na Jambiani, Zanzibar, wanalima mwani tangu mwaka 1989, ila ule hupelekwa ng'ambo kutolewa utomvu wa viwandani. Huu wa Japani ni wa jamii nyingine, nao huliwa hivyo hivyo.

Tukaendelea hivyo, kila kitu kikipata ndugu yake. Karinto, vijiti vya unga vilivyokaangwa na kuvikwa sukari guru, wakaviita visheti. Pipi ya tunda la chumvi na uchali, ambayo mimi ilinifunga taya, watoto waliigombania kama ubuyu. Kulikuwa na samaki wadogo waliokaushwa pamoja na lozi na ufuta, vikapakwa sukari. Hapo mjadala ulikuwa mkali. Dagaa kutiwa sukari! Mama mmoja alisema huo ni uharibifu wa mboga. Lakini mimi nilifurahi, kwa sababu kijitabu kilieleza kuwa watoto wa shule Japani hupewa dagaa hao katika chakula cha mchana ili wapate madini ya mifupa. Kila wiki kliniki nawaeleza akina mama wasage dagaa wakavu watie katika uji wa mtoto, na wapo wanaonitazama kama nawatukana, kana kwamba dagaa ni chakula cha aliyeshindwa.

Kilichompendeza Bibi kuliko vyote ni vijiti vya viazi vitamu vilivyokaangwa na kupakwa sukari. Alivivunjavunja katika uji wake. Baadaye kwenye simu mjukuu akamweleza kwamba kiazi kitamu hakikuwa cha Japani tangu asili. Kiliingia kupitia visiwa vya kusini miaka ya 1600 mwanzoni. Mwaka 1732 ilipotokea njaa kubwa, sehemu zilizokuwa zimekwisha kukilima ziliokoka, na miaka michache baadaye mtaalamu mmoja, Aoki Konyo, akapewa kazi ya kukieneza. Bibi aliyasikiliza hayo yote kama mtu anayepewa habari za ukoo. Sasa mgeni akija na mjukuu wa mjini akikataa kiazi kwa chai, anahubiriwa njaa ya Japani.

Si kila kitu kilipendwa. Yokan, yaani maharage madogo mekundu yaliyosagwa na sukari yakagandishwa kama sabuni ya mche, ilirudishwa sahanini na wote isipokuwa Bibi, aliyesema watu wa pwani nao hupika maharage kwa nazi na sukari na hakuna aliyekufa. Chokoleti ya kijani, yenye ladha ya majani ya chai, iliwagawanya watu. Mtoto alieleza kuwa jina la chokoleti hiyo, Kit Kat, kwa masikio ya Wajapani linakaribia maneno ya kusema "hakika utashinda", ndiyo maana wanafunzi hupeana kabla ya mitihani. Na zile punje za sukari zenye vinundu kama nyota, konpeito, jina lake limetoka kwa Wareno. Wareno walifika Japani mwaka 1543, miaka 45 baada ya Vasco da Gama kupita Mombasa na Malindi. Kwetu walituachia meza na leso, kule wakaacha pipi.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Sanduku la tatu lilikuwa la mwaka mpya. Ndani yake mlikuwa na mochi, maandazi madogo meupe, laini kama shavu la mtoto. Kijitabu kilionyesha yanavyotengenezwa: mchele wa kunata hupikwa kwa mvuke, kisha hutwangwa katika kinu mpaka uwe donge moja. Bibi kuona kinu katika picha alishangilia. "Kumbe wana kinu! Lete nionje."

Nikampa, zima.

Ninaandika hili kwa aibu. Baada ya kiharusi mkono wa mama yangu ulirudi, maneno yakarudi, lakini kumeza hakukurudi sawasawa. Uji wake tunaufanya uwe mzito kidogo, anakunywa akiwa ameketi wima, na kila tonge ni dogo. Mimi ndiye niliyewafundisha wadogo zangu, na wodini nawafundisha watu hao hao wanaowauguza wazee wao nyumbani. Siku ile nilikuwa nimeshika simu, natafuta mwanga mzuri wa picha. Bibi akatabasamu na mochi mdomoni, nikapiga, nikainamia simu kuituma. Nilipoinua macho alikuwa ameshika koo lake kwa mikono miwili. Hakukohoa. Hakutoa sauti yoyote.

Nilimwinamisha mbele nikampiga mgongoni, katikati ya mabega, kwa kisigino cha kiganja, mara tano. Haikutoka. Nikasimama nyuma yake, nikamzungushia mikono, ngumi juu ya kitovu, nikavuta kuelekea ndani na juu. Ni mwembamba mama yangu, nilihisi mbavu zake. Mara ya tatu likatoka bonge jeupe likaanguka juu ya mkeka, naye akavuta pumzi kwa sauti ambayo bado naisikia. Mjukuu wa miaka sita alikuwa amesimama mlangoni anatetemeka.

Ndipo simu ikalia. Ujumbe kutoka Japani: "Bibi amependeza! Ameipenda?" Nikajibu: "Ameipenda sana."

Nilikaa na neno hilo wiki mbili. Nilijiambia kuwa namlinda mtoto, yuko mbali na mitihani iko karibu. Kwa kweli nilikuwa najilinda mwenyewe. Jumapili ya pili, wakati wa kuungama dhambi kanisani, sikuweza kumaliza sala. Nikampigia jioni ile nikamweleza yote. Alilia. Akasema kila mwaka mpya huko Japani wazee hufa kwa kupaliwa na mochi, na mamlaka hutangaza watu waikate vipande vidogo. Alikuwa amelisikia tangazo hilo kwa masikio yake, hakufikiria nyumbani. Akataka kusimamisha masanduku yaliyobaki. Bibi akaninyang'anya simu. "Usisimamishe chochote. Mwambie mama yako mdogo akate vidogo, na aache kucheza na simu."

Tangu hapo sanduku nililifungua kwanza nyumbani kwangu, Jumamosi usiku, na kulichambua kama mchele. Chochote cha kunata kilikwenda upande wa watu wazima wenye meno. Karanga na lozi nzima hapewi mtoto wa chini ya miaka mitano. Vikombe vidogo vya jeli ngumu niliviondoa kabisa, maana ile iliyotengenezwa kwa kiazi cha konjac imewahi kuua watoto kwa kuwakwama kooni, na Umoja wa Ulaya umepiga marufuku vikombe hivyo. Kijitabu pia niliwasomea wenye mzio: Wajapani hulazimika kuandika kama kuna karanga, maziwa, mayai, ngano, kamba au kaa, na jirani yetu mmoja kamba humvimbisha midomo. Kisha kuna vile vipakiti vyeupe vya kunyonya unyevu, vinavyofanana na vipakiti vya sukari. Mmoja wa wajukuu alikuwa tayari amekitia jinoni. Hivyo vinatupwa shimoni kabla sahani haijawekwa.

Na kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja anayepaliwa, mama, usisukume tumbo. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, umpige mgongoni mara tano. Isipotoka mgeuze, ubonyeze kifua mara tano, na urudie. Usitumbukize kidole kutafuta usichokiona. Huku mtu mwingine atafute usafiri wa hospitali.

Masanduku matupu Bibi hakukubali yachomwe. Moja lina kadi za kliniki za wajukuu, jingine amehifadhi mdalasini aliopewa na ndugu zetu wa Kinole. La sita lilipokwisha akanitangazia kuwa chombo cha mtu hakirudi kitupu, akaanza kukausha ukoko juani ili upelekwe Japani. "Aonje na wa kwetu, asisahau." Posta walinishauri niache vyakula, kwa kuwa masharti ya nchi ile ni magumu, basi katika sanduku tukaweka doti ya kanga na barua ambayo Bibi aliisema na mimi nikaiandika.

Ukoko ulibaki kwetu. Aliomba apigwe picha nao, akae barazani, milima ikionekana nyuma. Nilimpiga kwanza, sahani ikiwa mapajani. Kisha nikaiweka simu mezani, nikaulowesha ukoko katika chai, nikakata vidogo, ndipo nikamwambia ale.