Kabla Hujauza Masega

Iringa,
Jumapili jioni.

Mpwa wangu mpendwa,

Mkaza mjomba wako anakusalimu na anauliza kama zile mboga za kukausha zilifika salama. Mimi sijambo, ila magoti hayaachi kunikumbusha miaka niliyolala chini ya magari ya watu.

Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu kila nililosema ulinijibu "sawa mjomba", na "sawa" ya namna hiyo naijua. Nami nilikuwa nawapa wazee wangu. Umesema siku ya kuja harusini gari lilikushinda kwenye mlima wa Kitonga. Ulikanyaga mafuta mpaka mwisho, likanguruma bila kupanda, hadi malori yenye mzigo yakakupita. Uliporudi Dar, fundi akachomeka mashine ikasoma P0420. Akakwambia masega yamekufa, atayatoa bure, atakuwekea bomba tupu, na juu yake atakupa fedha. Binti yangu, fundi akikufanyia kazi bure kisha akakulipa, jiulize anaondoka na nini.

Anaondoka na hiki. Ndani ya lile kopo la chuma kwenye egzosi mna kauri yenye vitundu vidogo vingi kama sega la nyuki, ndipo jina lilipotoka. Kuta za vitundu hivyo zimepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Ni gramu chache tu kwa gari zima, lakini ni madini ya thamani, na wanunuzi hawakosekani. Moshi wa injini ukipita humo masega yakiwa ya moto, kaboni monoksaidi, ile hewa isiyo na harufu inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani, inageuzwa kuwa kaboni dayoksaidi. Petroli ambayo haikuungua inamalizikia humo, na zile oksaidi za nitrojeni zinazochoma mapafu zinavunjwa. Wamarekani walianza kuyafunga kwa wingi kwenye magari ya mwaka 1975. Huko Japani lilikotoka gari lako, moshi hupimwa kwenye ukaguzi wao, na bomba tupu halipiti.

Sasa sikiliza neno lenyewe lililonishikisha kalamu. Masega mara nyingi hayafi yenyewe, huuawa. Watu wa pwani husema ukiona zinduna, ambari iko nyuma. Gari lako ni la 2004 na limekula kilomita nyingi, lakini kabla hujayalaumu masega, tafuta kilicho nyuma yake. Plagi au koili ikichoka, injini inamisi, petroli mbichi inakwenda kuungulia ndani ya masega, na joto lake linaweza kuiyeyusha kauri mpaka vitundu vizibe. Ringi zikilegea, injini inakula oili, na fosforasi iliyomo kwenye oili inayapaka masega kidogo kidogo kama masizi kwenye sufuria. Gasketi ikivuja maji ndani ya silinda, nayo dawa ya rejeta huyatia sumu. Ukifunga masega mapya huku muuaji yumo ndani, umempelekea mwingine wa kuua.

Tena, P0420 si cheti cha kifo. Gari lako lina sensa mbili za oksijeni, moja kabla ya masega na moja baada yake. Ile ya mbele hupanda na kushuka muda wote. Ya nyuma, masega yakiwa mazima, hutulia, kwa kuwa moshi umeshasafishwa. Ya nyuma ikianza kucheza ngoma moja na ya mbele, kompyuta inaandika P0420, yaani usafishaji umepungua. Haikusema masega yameziba. Kukosa nguvu Kitonga ni swali lingine, na linaweza kujibiwa na masega yaliyoziba, au chujio la mafuta, au hata giaboksi. Fundi wako amechukua maswali mawili akayapa jibu moja, tena jibu lenye faida kwake.

Sikuhubirii kama mtu asiyekosea. Zamani nami niliyatoa ya gari langu, nikauza, nikanunua mifuko ya saruji. Wiki ya kwanza gari lilikuwa jepesi, nikajisifu. Kisha moshi wa bluu ukaanza kuonekana, kwa maana oili ilikuwa inaliwa siku zote na masega yalikuwa yanaificha aibu. Kwenye foleni harufu ilituingilia ndani mpaka mkaza mjomba wako akawa anashuka kwa kuchefuka. Mwisho nilifungua injini na kukuta ringi zimekwisha. Nilikuwa nimemuuza shahidi, muuaji nimebaki naye.

Basi fanya hivi, kwa mpangilio huu.

Kwanza, mashine isome kodi zote, isiishie P0420. Zikitokea za P0300 hadi P0304, hiyo ni kumisi, na anza na plagi na koili. Na jifunze lugha ya ile taa ya injini. Ikiwaka na kutulia, una muda wa kupanga. Ikipepesa, injini inamisi kiasi cha kuchoma masega saa hiyo hiyo. Punguza mwendo, tafuta pa kuegesha.

Pili, pima oili asubuhi gari likiwa la baridi, weka alama, upime tena baada ya kilomita 1,000. Angalia na maji ya rejeta. Ukiongeza kimoja kati ya hivyo kila mara, huyo ndiye mtuhumiwa wako.

Tatu, egzosi ikaguliwe kama inavuja kabla ya masega au karibu na sensa. Tundu dogo huvuta hewa ya nje, sensa ikadanganyika. Masizi meusi kwenye maungio yatakuonyesha.

Nne, kabla msumeno haujagusa bomba, sensa ya mbele ifunguliwe, geji ya presha ifungwe mahali pake. Gari likiwa sailensa, bila kukanyagwa, isome chini ya psi 1.5 hivi, likikanyagwa hadi mizunguko 2,500 isivuke 3. Ikivuka, njia imeziba. Likishapoa, lile kopo ligongwe taratibu kwa nyundo ya mpira. Likilia kama kokoto ndani ya kibuyu, kauri imevunjika.

Geji ikisema njia ni wazi, tibu ulichokikuta, endesha gari lako, uweke akiba bila pupa. Masega yaliyochoka hayakuzuii kufika kazini. Lakini yakiwa yameziba au yamevunjika, usiahirishe. Moshi unaokosa pa kutokea huongeza joto na kuumiza vali, na kwenye injini ambazo masega yamekaa karibu nazo sana, unga wa kauri unaweza kuvutwa ukaingia kwenye silinda. Ukinunua ya mtumba, mulika tochi upande mmoja uone mwanga upande wa pili, na vitundu visiwe vimeyeyuka. Mapya ya bei ndogo mara nyingi yana madini machache, hayadumu sana. Afadhali kulijua hilo unapolipa. Yalingane na injini yako na yawe na sehemu za kufungia sensa. Zile dawa za chupa za kumwaga kwenye tanki huweza kupunguza masizi, ila kauri iliyoyeyuka haziirudishi.

Jambo dogo la mwisho: ukienda shamba kiangazi, usiegeshe juu ya majani makavu. Masega yakiwa ya moto huwasha nyasi ukiwa bado unasalimiana na wenyeji.

Najua fedha aliyokutajia fundi ingekufaa mwezi huu. Lakini asubuhi unabeba wanao na wa jirani, mnakaa kwenye foleni nusu saa nzima, na nyuma yako kuna bodaboda na mama muuza vitumbua wanaovuta unachotoa. Sitaki uwe umewauza na wao kwa bei ya mifuko ya saruji.

Ukishapima, nipigie. Na tafadhali usiniambie "sawa mjomba". Nisomee namba iliyotoka kwenye geji.

Mimi mjomba wako,
nikupendaye.