Kitanda cha Baba

Watu wa mbali hulijua jina la Kasapa kwa sababu ya gereza, na wengine kwa sababu ya Chuo Kikuu kilichoanza mwaka 1956. Sisi tunaokaa huku Lubumbashi tuna habari zetu nyingine ndogo ndogo, na hii ya kitanda ni mojawapo. Ndugu wasomaji wataniwia radhi nikiwaingiza chumbani kwetu.

Baba yangu ni seremala. Nasema ni seremala ingawa mikono yake hutetemeka sasa, na randa yake imelala sandukuni siku nyingi. Alijifunza kazi hiyo ujanani kwa Mapadri Wasalesiani, wale waliofika mjini mwetu mwaka 1911, mwaka mmoja tu baada ya mji kuanzishwa. Mwaka 1968, alipokuwa tayari kuoa, alijitengenezea kitanda cha mulombwa, ule mti ambao ukikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu. Hakutumia hata msumari mmoja. Mifumbati huingia kwa ndimi ndani ya matendegu, na buloni nne hukaza pembe zote. Juu ya kitanda hicho tulizaliwa watoto wanne, na juu yake Mama alifariki mwaka 2019.

Tulipohama nyumba, mfumbati mmoja ulipasuka njiani. Nikaenda sokoni kununua ubao mwingine. Mulombwa siku hizi ni ghali, basi nikachukua ubao wa mkalitusi, mpya na mzito, nikauchonga mwenyewe nikifuata mfano wa ule wa zamani. Nilipoufunga ukaingia vizuri kabisa. Nilimwita Baba aje kutazama. Alipitisha kidole juu ya kiungo, akasema, “Vema, mwanangu.” Nikaona fahari mwezi mzima.

Ikapita masika. Mwezi wa Juni, baridi ya usiku ilipoingia na mvua imekwisha kusahauliwa, kitanda kikaanza kulia. Baba akigeuka, kilitoa mlio mwembamba wa kukwaruza uliosikika nyumba nzima. Wajukuu wawili hulala chumba kimoja naye, na ukuta wetu si mnene. Asubuhi tulikuwa tukicheka mezani. “Baba, kitanda chako kimeimba tena.” Naye alicheka pamoja nasi.

Nikachukua mafuta ya injini, nikayatia katika viungo vyote. Usiku wa kwanza kikalia kidogo. Usiku wa pili kikalia mara moja. Usiku wa tatu kimya. Nikajisifu kwamba nimeiweza kazi ya ufundi bila kumsumbua fundi.

Baada ya majuma mawili alikuja dada yangu kumwogesha Baba. Akatoka nje, akaniita kando. Kisigino cha Baba kilikuwa chekundu, na nyonga ya kulia vilevile, ngozi iko karibu kuchubuka. Tukampeleka dispensari. Muuguzi akamtazama, akauliza, “Mzee, hugeuki usiku?” Baba akanyamaza. Muuguzi akatueleza kwamba mtu mzee akilala upande mmoja usiku kucha, mifupa huibana nyama, damu haipiti, na ngozi hufa. Akasema ageuke kila saa mbili, ama ageuzwe.

Njiani nikaelewa. Mafuta hayakuponya kitu. Kitanda kilinyamaza kwa sababu Baba aliacha kugeuka. Alilala kama mti, akivumilia mgongo wake, ili watoto wasiamke kabla ya shule, na ili sisi tusicheke tena mezani.

Siku ileile nikaliondoa godoro. Baba akaketi kitini karibu na mlango, blanketi mabegani, akawa msimamizi. Kwanza aliniambia nimwombe Mtakatifu Yosefu, ambaye Papa Pio XII alimwekea sikukuu yake ya Mfanyakazi, tarehe 1 Mei, mwaka 1955. Nikapiga ishara ya msalaba, ufunguo wa buloni mkononi.

Mimi niliamini kwamba mlio unatoka kichwani pa kitanda, maana ndipo uliposikika. Nikataka kufungua pale. Baba akakataa. Akasema sikio hudanganywa na mti. Na ni kweli: mbao mbili zisipobanwa sawasawa hushikana kidogo, kisha huteleza, hushikana tena, mara mamia kwa nukta moja, kama uta juu ya uzi wa zeze. Sauti hiyo hufuata nyuzi za mti kwa upesi mwingi kuliko hewani, ikatokea pembe ya miguuni na kusikika kichwani, kwenye kitakizo kipana kilicho kama ngoma.

“Weka kidole juu ya kiungo,” alisema, “nusu juu ya mfumbati, nusu juu ya tendegu. Mtoto asukume kitanda.”

Tukasogeza kitanda mbali na ukuta, maana ukuta nao huweza kulia. Tendegu moja halikugusa sakafu vizuri. Tukatia kipande cha ngozi ya kiatu chini yake. Kitanda kikalia bado. Tukatoa chaga moja moja, kikalia bado. Basi mjukuu akasukuma, nami nikapita pembe kwa pembe. Ya kwanza, kimya chini ya kidole. Ya pili, vilevile. Ya tatu, miguuni upande wa kulia, nikahisi mfumbati unapanda na kushuka kidogo sana, pengine unene wa ukucha. Ulikuwa mfumbati wangu.

Nikafungua buloni, nikauvuta. Ulimi wake ulikuwa umeng’aa upande mmoja kama chupa, kwa kusuguliwa. Ubao wa mkalitusi nilionunua haukuwa umekauka. Katika masika ulijaza tundu lake. Kiangazi kilipofika ukatoa maji na kusinyaa. Ubao ukikauka haupungui sana urefu, hupungua unene na upana, na ulimi ni unene. Mulombwa hausinyai sana, ndiyo maana upande wa pili ulikuwa umekaa vilevile tangu mwaka 1968.

Nikamtazama Baba. “Ulijua?”

“Tangu mwezi wa Juni.”

“Mbona hukuniambia?”

Akavuta blanketi. “Ulifurahi sana siku ile ulipoufunga.”

Kulikuwa na kazi nyingine iliyoletwa na werevu wangu. Tulitaka kubandika kibao chembamba cha mulombwa kwenye shavu la ulimi, ili ujaze tundu, lakini gundi haishiki penye mafuta. Nikakwangua kwa patasi karibu saa nzima, nikasugua kwa msasa, mpaka mti ukaonekana safi. Baba aliomba kipande cha mfumbati wa zamani, ule uliopasuka. Alikuwa ameuhifadhi nyuma ya kabati, mimi sikujua. Tukabandika, tukafunga kwa kamba, tukaacha mpaka kesho yake. Kisha nikaupiga randa kidogo kidogo, nikijaribu, nikitoa, nikijaribu tena, mpaka ulimi ukaingia kwa kugongwa kwa kiganja tu.

Ncha za chaga tulizisugua kwa mshumaa. Mke wangu alishika mlango wa kabati, akauliza ni mshumaa upi, kwani ile iliyobarikiwa tarehe 2 Februari imo humo. Nikamwonyesha kile kipande tunachowasha umeme ukikatika. Akaniacha. Nikakaza buloni kwa kuvuka pembe, hii kidogo, ile ya mkabala kidogo, ili kitanda kisipindike.

Usiku huo Baba alilala juu ya kitanda chake, nami nikalala nikisikiliza. Sikusikia kitu. Mnamo saa nane za usiku hofu ikanishika. Nikafikiri pengine analala tena kama mti. Nikachukua taa, nikaingia polepole. Alikuwa amegeukia ukutani, magoti yamekunjwa, anakoroma.

Tangu siku ile kitanda hakinipi habari tena. Kila usiku naamka mwenyewe, nakwenda kutazama amelalia upande gani.