Saa ya Kaka

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo niliikariri tangu shule ya msingi bila kuitilia shaka, hadi kaka yangu, ambaye ni mwanajeshi, alipokuja likizoni akiwa na saa inayohesabu hatua zake, mapigo ya moyo wake na hata usingizi wake.

Mama aliomba aonyeshwe moyo wa mwanawe unavyopiga, akatabasamu. Mimi nilikumbuka Januari 2018, pale mwanafunzi wa Australia, Nathan Ruser, alipowatanabahisha walimwengu kuwa ramani iliyochapishwa na kampuni ya Strava Novemba 2017 ilikuwa imeanika kambi za kijeshi. Askari walikimbia asubuhi kuzunguka ua, saa zao zikinakili kila hatua. Kule jangwani kusikokuwa na watumiaji wengine, nyayo zao ziling'ara ramanini kama taa. Agosti 2018, Wizara ya Ulinzi ya Marekani ikapiga marufuku matumizi ya huduma za vifaa zinazofichua alipo askari katika maeneo ya operesheni.

Nilimsihi kaka aivue. Akacheka. "Mdogo wangu, nawe wadhani serikali ni siri kali?" (Neno lenyewe, kwa hakika, lina asili ya Kiajemi wala halina udugu na siri.) Kisha akaongeza kuwa jeshi lisilojua afya ya askari wake hupanga vita kwa kubahatisha.

Hapo nilinyamaza. Mtaa wa Kariakor, Nairobi, umerithi jina la kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Makumi ya maelfu yao hawakurudi, na aghalabu waliuawa na kuhara na malaria, si risasi. Machi 2020, manowari ya Marekani, USS Theodore Roosevelt, ilikwama Guam, na hatimaye korona ikawapata mabaharia zaidi ya 1,000. Takwimu za afya, basi, ni silaha. Ila silaha hiyo hushikwa na nani? Sheria yetu ya Kulinda Data ya 2019 huitambua afya kuwa taarifa nyeti, kisha hulegeza kamba usalama wa taifa unapotajwa. Naye askari anayehofia kunyimwa cheo kwa sababu ya moyo wake ataivua saa tu, na daktari atabaki na takwimu za wazima.

Siku ya kuondoka, kaka alinipa saa nizime sehemu inayoonyesha mahali alipo. Niliizima. Mapigo ya moyo aliyaacha yaendelee kuhesabiwa, nami sikumuuliza husomwa na nani.