Biti mbili zilizoninyima usingizi: kuhamisha xv6 hadi bodi ya Lichee RV

Najua nimekuwa kimya kwa miezi kadhaa. Nilikuwa nimezama katika kazi moja ambayo mwanzoni nilidhani ingenichukua wikendi mbili tu. Basi vuta kiti, hadithi ni ndefu kidogo.

Mapema mwaka 2023 niliitwa kwenye mahojiano ya kazi hapa Nairobi. Ilikuwa kazi ya kuandika programu za vifaa vidogo, si fomu za tovuti kama ninazotengeneza kila siku. Nilivaa tai. Maswali ya kwanza yalikwenda vizuri, hadi mzee mmoja aliyekuwa kimya pembeni akaniuliza: "Programu ikigusa ukurasa wa kumbukumbu ambao hairuhusiwi kuugusa, hutokea nini?" Nikamtiririshia kila kitu nilichokariri chuoni kwa ajili ya mtihani. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa upole, "Umewahi kuliona jambo hilo likitokea, kijana wangu?"

Nikasema hapana. Kazi sikuipata, na swali lile likapanda nami matatu hadi nyumbani. Miaka minne ya sayansi ya tarakilishi, shahada imetundikwa ukutani kwa mama, na jibu la kweli ni hapana.

Ndipo nikaamua kuchukua mfumo endeshi mdogo wa chanzo huria na kuuhamisha kwa mikono yangu hadi kwenye mashine ambayo haukuandikiwa. Linux niliiogopa, sitaficha. Ina mistari zaidi ya milioni 20. Nikachagua xv6. Huu ni mfumo wa kufundishia uliotengenezwa chuo kikuu cha MIT kuanzia mwaka 2006, ukifuata muundo wa Unix toleo la sita la mwaka 1975. Ni mdogo kiasi kwamba mtu anaweza kuusoma wote akauelewa. Tangu 2019 unatumia prosesa za aina ya RISC-V, ambazo lugha yake ya maelekezo iko wazi na yeyote anaweza kuitumia bila kulipia leseni.

Wengi huendesha xv6 ndani ya QEMU, yaani programu inayoigiza tarakilishi nzima ndani ya tarakilishi yako. Mimi nilitaka chuma chenyewe. Nikaagiza Lichee RV, kibodi kidogo kuliko kadi ya benki, chenye chipu ya Allwinner D1 na prosesa moja tu ya C906. Adapta ya siriali nikainunua barabara ya Luthuli. Pini nikazipeleka kwa fundi wa simu wa mtaani kwetu anilehemee, maana mkono wangu hutetemeka.

"Bosi, hii ni redio?" akaniuliza.

"Ni tarakilishi, fundi."

"Skrini iko wapi?"

"Haina."

Akacheka hadi akaweka chuma chini.

Kupakia programu kulikuwa rahisi kuliko nilivyotarajia. Chipu ya D1 ina hali iitwayo FEL, ambapo unaichomeka kwa waya wa USB na kuisukumia msimbo wako moja kwa moja kwenye kumbukumbu kwa programu ya xfel. Nikasukuma xv6, nikaiambia ianze. Kimya. Hata herufi moja haikutokea.

Kosa hilo nililipata haraka. Katika mashine ya kuigizwa ya QEMU, lango la siriali liko anwani 0x10000000 na kumbukumbu inaanzia 0x80000000. Katika D1, kumbukumbu inaanzia 0x40000000 na siriali iko 0x02500000. Na pale 0x10000000 kuna nini? Kuna kidhibiti cha mikatizo, kifaa kinachoamua nani amkatize prosesa kazi yake. Mimi nilikuwa nampelekea salamu za "xv6" mtu asiyehusika kabisa! Zaidi ya hayo, rejista za siriali ya D1 zimeachana baiti nne nne, wakati xv6 inazitarajia zikiwa zimebanana. Nikarekebisha anwani, nikazidisha kwa nne, na usiku wa Jumatano moja skrini ikaandika:

xv6 kernel is booting

Nilipiga kelele, jirani akagonga ukuta. Halafu kimya tena. Kimya hicho cha pili kilidumu wiki tatu.

Hapa lazima nieleze kitu kimoja. Kila programu hudhani inaishi peke yake, kama mpangaji anayejua tu kwamba anakaa nyumba namba moja. Jedwali la kurasa ndilo linalojua nyumba namba moja ya kila mpangaji iko wapi hasa kwenye kumbukumbu halisi. Kila mstari wa jedwali una biti za ruhusa: kusoma, kuandika, kuendesha. Mara xv6 ilipowasha jedwali hilo, mashine ilikufa.

Nilisoma msimbo wangu hadi nikaukariri. Nilibadilisha waya. Niliilaumu bodi. Kazini nilianza kusinzia kwenye mikutano, na bosi wangu akaniuliza kama nina mtoto mchanga. Kilichoniuma ni kwamba msimbo uleule, ndani ya QEMU, ulikwenda bila tatizo lolote. Usiku mmoja niliandika barua pepe ya kuuza bodi kwa rafiki, ikabaki kwenye rasimu.

Baadaye nilifanya nilichopaswa kufanya siku ya kwanza. Hitilafu ikitokea, xv6 huzipeleka kwa kiini chake zishughulikiwe huko. Lakini kiini chenyewe kilikuwa nyuma ya jedwali lililoharibika, tena wakati huo hakijaandaa hata mahali pa kuzipokea! Nikazizuia zisipelekwe huko, nikazielekeza kwenye ngazi ya chini kabisa ya prosesa, ambako jedwali halitumiki, na huko nikaandika mistari michache ya kuchapisha sababu. Skrini ikatoa namba moja: 12.

Kwenye mwongozo wa RISC-V, sababu namba 12 ni hitilafu ya ukurasa wakati wa kuchota maelekezo. Prosesa ilijaribu kusoma agizo linalofuata, ikagusa ukurasa, ikakataliwa. Nikaegemea kiti. Lile swali la yule mzee lilikuwa limeandikwa mbele yangu, kwenye meza yenye kikombe cha chai iliyopoa.

Sababu ya kukataliwa ilikuwa biti mbili. Biti ya sita, A, huonyesha ukurasa umeguswa. Ya saba, D, huonyesha umechafuliwa, yaani umeandikwa. Mwongozo unaruhusu njia mbili: prosesa ijiwekee biti hizo yenyewe, au itoe hitilafu ikizikuta hazijawekwa ili mfumo endeshi uziweke. QEMU ilikuwa inaziweka yenyewe, kimyakimya, kama mama anayekuokotea soksi. C906 haiokoti soksi za mtu. Na xv6 haiziweki popote.

Dawa ni mstari mmoja katika mappages: ongeza biti ya 6 na ya 7 kwenye kila mstari wa jedwali. Wiki tatu, mstari mmoja. Mwaka 1977 Richard Miller aliihamisha Unix hadi Interdata 7/32 pale Wollongong, Australia, mashine ambayo haikufanana na PDP-11 hata kidogo. Siku hizi hakuna ninayemheshimu kuliko huyo.

Yaliyobaki yalikuwa ya kuchosha tu. Saa: xv6 niliyoitumia ilisoma muda kutoka anwani ambayo haipo katika chipu hii, ikabidi isome rejista ya prosesa. Diski: QEMU hutoa diski ya kubuni, bodi haina, kwa hiyo nikapachika faili zote ndani ya kumbukumbu. Na programu zilikuwa zikianguka ovyo hadi nilipoongeza agizo la fence.i kila programu mpya inapopakiwa, ili prosesa iache kuamini maelekezo ya zamani iliyojihifadhia.

Mwezi Novemba, saa nane usiku, ikatokea "init: starting sh" na alama ya dola. Nikaandika:

echo nimeliona > jibu
cat jibu

Ikajibu: nimeliona. Nilikuwa natafuta simu nipige picha stima zikapotea mtaa mzima, na kipakatalishi changu betri yake ilikufa zamani. Ziliporudi asubuhi nikapakia upya, nikaandika cat jibu. Haikulipata faili, lilikuwa kwenye kumbukumbu, likaondoka na stima.

Sasa naandika draiva ya kadi ya SD.