Ndungu: Kabla Lami Haijafika Mlangoni

Ukitoka Same mjini baada ya swala ya alfajiri kuelekea Ndungu, milima ya Upare huwa kuume kwako na Hifadhi ya Mkomazi kushoto. Njia hii ya Kisiwani, Maore, Ndungu na Kihurio imeshika upande wa mashariki wa milima. Reli ya Tanga, iliyofika Moshi mwaka 1911, ilipita magharibi kwa Hedaru na Makanya, na barabara kuu ikaifuata huko. Upande wetu ukaachiwa vumbi kwa miaka mingi, na lami inatujia kwa vipande.

Vumbi hilo lina gharama. Ndungu ni nchi ya mpunga, na mifereji ya skimu iliyojengwa kwa msaada wa Japani ndiyo inayolisha majaruba. Mnunuzi ajaye na fuso huhesabu mafuta, springi zilizokatika na siku alizokwama masika, kisha huyatoa yote hayo katika bei anayompa mkulima. Hivyo anayelipia ubovu wa njia ni mkulima, ingawa hana gari. Ndiyo maana tunaiombea lami kwa dhati.

Lakini Dar es Salaam imetufundisha jambo jingine. Mabasi yaendayo haraka yalianza mwaka 2016, barabara ya juu ya Tazara ikafunguliwa mwaka 2018, ya Ubungo mwaka 2021, na kutoka Kimara hadi Kibaha njia zikawa nane. Foleni bado ipo. Njia pana huvuta viwanja, viwanja huvuta maduka, maduka huvuta magari, na nafasi iliyopatikana hujaa tena. Kimara mwaka 2017 tuliona majengo mengi yakibomolewa kwa kuwa yalikuwa ndani ya hifadhi ya barabara.

Tuliyakumbuka hayo pale mzee wetu mmoja alipoijia kamati ya msikiti. Alitaka kuweka wakfu kiwanja chake kando ya barabara kwa ajili ya madrasa.

"Wanangu, lami ikija kila apitaye ataiona," alisema.

Tulikwenda naye na utepe. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 huitengea barabara kuu na ya mkoa mita 30 kila upande kutoka katikati. Tulipohesabu, sehemu kubwa ya kiwanja ilikuwa ndani ya hifadhi. Kilichosalia nyuma kilikuwa jaruba lenye mpunga.

Mzee alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Basi sadaka yangu imekataliwa?"

"Hasha, Baba," tulimjibu. "Nia yako iko kwa Allah. Tunachelea watoto wetu kusomeshwa chini ya alama ya X, na tunachelea kufukia shamba linalotulisha."

Baada ya siku chache alirudi na kipande kingine, juu kidogo mlimani, penye mawe yasiyoota mpunga. Tukakipokea kwa maandishi na mashahidi.

Ndugu Waislamu, Mtume (s.a.w.) ametufunza kwamba kuondoa udhia njiani ni katika imani. Basi ni wajibu wetu pia kutoujenga udhia huo kwa matofali. Kabla ya kuuza jaruba au kusimamisha kibanda, tupime kwanza. Allah aifanye lami ya Ndungu kuwa ya kheri. Amin.